Kilebu Akifika Nyumbani: Malezi ya Wiki za Kwanza

Mazungumzo ya idara ya mifugo kwa wakazi, kwenye mabaraza ya wadi ya kuhamasisha chanjo ya mbwa na paka



Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini serikali ya kaunti iitishe baraza kuzungumzia mtoto wa mbwa, ilhali kuna barabara, maji na zahanati za kuzungumziwa. Jibu la kwanza limo katika Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi.

Jibu la pili huonekana kila siku ya chanjo. Mbwa wanaoletwa kituoni ni wa aina mbili: wale wanaotembea na wenyewe kwa kamba, na wale wadogo wanaobebwa mikononi na watoto. Aina ya tatu haionekani kituoni. Hao ni mbwa waliobaki nyumbani kwa sababu hakuna mtu katika boma anayeweza kuwashika. Mwenyewe huja peke yake na kusema, "Daktari, wangu ni mkali, hashikiki."

Mbwa asiyeshikika hachanjwi. Na mbwa asiyechanjwa, anayezurura usiku na kulala popote, ndiye anayeweza kuleta kichaa cha mbwa kijijini. Lakini hakuzaliwa hivyo. Aliletwa siku moja akiwa kilebu wa kutosha kwenye kofia. Akaachwa nyuma ya jikoni, akapigwa teke alipokojoa mlangoni, na alipoanza kukua akafungwa mnyororo. Ndiyo maana mazungumzo haya yanaanza mapema kuliko sindano. Yanaanza siku kilebu anapoingia nyumbani, kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi.

Umri wa kumtoa kwa mamake

Watu wengi hupewa kilebu na jamaa au jirani, na mara nyingi huwa ndiyo kwanza amefumbua macho na kuanza kulamba uji. Huo ni mapema mno. Kilebu akae na mamake na nduguze hadi atimize angalau wiki 8.

Katika wiki hizo hujifunza jambo ambalo binadamu hawezi kumfundisha vizuri. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na kuacha mchezo. Akimuuma mama wakati wa kunyonya, mama huinuka na kuondoka. Hivyo ndivyo anavyojua kipimo cha meno yake. Aliyetolewa akiwa na wiki 4 hulikosa somo hilo, na wa kwanza kulilipia ni mtoto wa nyumbani anayecheza naye.

Siku ya kumchukua, mwenye kumfuga abebe kipande cha blanketi kuukuu na kukisugua pale mama mbwa anapolala. Harufu hiyo itakuwa ndiyo kitu pekee anachokijua katika nyumba ngeni. Aulize pia mambo matatu: kilebu alizaliwa lini, amepewa dawa ya minyoo mara ngapi, na amekuwa akila nini. Majibu yaandikwe kwenye daftari, kwa kuwa daktari wa mifugo atayahitaji.

Kabla kilebu hajaingia, familia ikubaliane atalala wapi, nani atamlisha na nani atamtoa nje alfajiri. Kazi inayosemwa ni ya kila mtu huishia kutofanywa na yeyote. Watoto washirikishwe, lakini mtu mzima mmoja awe ndiye mwenye jukumu.

Usiku wa kwanza

Kilebu aliyezoea kulala katikati ya nduguze watano au sita ghafla yuko peke yake, mahali pasipo na harufu anayoijua. Atalia. Kilio hicho si ukaidi, wala si mkosi kwa nyumba. Ni mtoto anayeita wenzake.

Makosa huwa mawili. La kwanza ni kumfungia mbali gizani mpaka achoke na kunyamaza. La pili ni kumpiga. Yote mawili humfunza kwamba mahali hapa ni pa kuogopwa, na mnyama anayeogopa nyumbani hutafuta njia ya kutoka.

Boksi la katoni au kreti ya mbao latosha. Kitandikwe kile kipande cha blanketi. Siku za baridi iwekwe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ili ashike joto kama alivyolishika kwa nduguze. Boksi likae kwenye kona isiyopigwa na upepo, karibu na wanapolala watu, iwe jikoni, sebuleni au kwenye veranda yenye ukuta. Kila baada ya siku chache lisogezwe hatua kadhaa kuelekea kibanda chake cha kudumu. Atahamia kibandani bila vita, kwa sababu atakuwa amekwenda na harufu yake mwenyewe.

Kwa familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi au wa kuchunga mifugo, na zinazolinda twahara ya nyumba, hakuna kinacholazimisha kilebu kulala ndani. Kibanda kilichoezekwa, kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini na kuwekwa karibu na dirisha la wenye nyumba kinatosha, mradi asinyeshewe na asikie sauti za watu. Chombo chake cha chakula kiwe chake peke yake na kioshewe nje.

Akilia katikati ya usiku baada ya kutulia, huenda ana haja. Atolewe kimya kimya, bila kuwasha taa zote wala kucheza naye, na akimaliza arudishwe alipolala. Akigundua kwamba kilio cha usiku huleta mchezo, atalia kila usiku.

Kumfundisha mahali pa kwenda haja

Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, na sababu ni moja: husubiri kilebu akosee ndipo wamfundishe. Kilebu hujifunza zaidi anapofanya vizuri.

Kwanza uelewe mwili wake. Kibofu chake ni kidogo na misuli ya kukizuia haijakomaa. Kuna hesabu rahisi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Kilebu wa miezi 2 anaweza kujizuia kwa saa 3 hivi, wala si zaidi. Akiwa anacheza, hata nusu saa inaweza kuwa ndefu. Kumfungia ndani kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha kumkasirikia kwa kukojoa, ni kumdai asichoweza.

Zipo nyakati nne ambazo kilebu karibu kila mara huwa na haja: anapoamka, muda mfupi baada ya kula au kunywa, baada ya mchezo, na kabla ya kulala. Mwenye kumlea azishike nyakati hizo kama mama anavyozishika nyakati za mtoto mchanga. Atoke naye mwenyewe. Kumfungulia mlango tu hakutoshi, kwa maana kilebu aliyetoka peke yake atafuata kipepeo, asahau alichotokea, kisha arudi kukojoa ndani.

Apelekwe mahali pamoja kila siku: kona ya boma iliyo mbali na kisima, bustani ya mboga na mahali watoto wanapochezea. Harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Litumike neno moja fupi, na wote nyumbani watumie hilo hilo. Asubiriwe bila kuharakishwa. Akimaliza, asifiwe papo hapo na apewe tonge dogo la chakula. Papo hapo maana yake ni pale pale alipo, kabla hajainua mguu kuondoka. Akisifiwa baada ya kurudi mlangoni, atadhani anasifiwa kwa kurudi mlangoni.

Baina ya nyakati hizo, macho yafanye kazi. Kilebu anayenusa sakafu, anayezunguka mahali pamoja, au aliyeacha mchezo ghafla na kuelekea pembeni, anatoa taarifa. Ainuliwe na kupelekwa nje mara moja. Wakati hakuna wa kumwangalia, akae ndani ya boksi lake au kwenye kiambaza kidogo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, na tabia hiyo ya asili humsaidia kujizuia, ilimradi asiachwe humo kupita uwezo wake.

Akikosea

Atakosea. Akikutwa katikati ya tendo, mtu apige makofi mara moja ili akatize, ambebe hadi mahali pake, na akimalizia huko asifiwe. Akikutwa amekwisha kumaliza, hakuna somo lililobaki. Pasafishwe, basi.

Ile desturi ya kumsugua pua kwenye uchafu wake au kumtandika fimbo haimfundishi kujizuia. Kilebu haunganishi fimbo ya sasa na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anachounganisha ni fimbo na mtu aliyeishika. Kesho atajificha nyuma ya kabati kukojoa, kwa sababu amejifunza kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Na ile sura ya kuinamisha kichwa na kulaza masikio, ambayo watu husema ni ya kujua kosa, ni sura ya woga.

Wakazi wazingatie jambo hili hasa. Kilebu aliyezoeshwa kwamba mkono ukiinuka ni kipigo ndiye mbwa atakayemrukia mchanjaji anaponyoosha mkono, au mtoto wa jirani anayetaka kumpapasa. Isitoshe, kumpiga mnyama kikatili ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya.

Kusafisha nako kuna utaratibu wake. Mkojo ufyonzwe kwa tambara au karatasi, pasuguliwe kwa maji na sabuni, kisha papanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji. Dawa za usafi zenye amonia ziepukwe, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ya mkojo na humwita arudi pale pale. Dawa ya klorini isichanganywe na siki wala amonia kamwe, maana hutoa hewa ya sumu. Kwenye sakafu ya udongo, udongo uliolowa uchotwe na kutupwa, kisha uwekwe mwingine mkavu.

Kinyesi kiokotwe kila siku na kutupwa kwenye choo cha shimo, au kifukiwe mbali na maji na mboga. Vilebu wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata kwa mama zao. Mayai ya minyoo hiyo hubaki kwenye udongo kwa muda mrefu, na watoto wanaochezea mchanga huyameza kwa mikono michafu. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza na kilebu si jambo la kubembelezana.

Kwa wapangaji wa nyumba za ghorofa, kilebu aanzishwe kwenye magazeti yaliyotandazwa mahali pamoja, karibu na mlango. Kadiri anavyozoea, magazeti yapunguzwe na kusogezwe nje kidogo kidogo. Kabla ya kumaliza chanjo zake za mwanzo, asiachwe atembee viwanjani kunakopita mbwa wengi. Huko kunaweza kuwa na virusi vya parvo, vinavyosababisha kutapika na kuhara damu. Ugonjwa huo huua vilebu kwa siku chache, na virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi. Abebwe hadi kwenye kona safi.

Vilebu wengi hushika mazoea haya wakiwa na miezi 4 hadi 6, japo wengine huchelewa. Aliyekwisha kuzoea, kisha akaanza tena kukojoa ndani mara nyingi na kidogo kidogo, aonwe na daktari wa mifugo. Huenda ni mgonjwa.

Chakula kwa saa zake

Chakula kina uhusiano na haja. Kilebu anayedonoa kutwa nzima atakwenda haja kutwa nzima. Anayekula kwa saa maalumu hutabirika. Hadi afike miezi 4 hivi, alishwe mara 3 au 4 kwa siku. Baadaye mara 2 zinatosha. Maji safi yawepo mchana wote.

Siku za kwanza apewe alichokizoea, kisha kibadilishwe taratibu ili asiharishe. Ugali mtupu haumjengi. Uchanganywe na omena waliochemshwa, mabaki ya nyama, au mayai yaliyopikwa. Vitunguu na chokoleti visiwekwe kabisa, kwani ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka na kuwa vichokoo vinavyoweza kutoboa matumbo.

Onyo jingine liwafikie wanaochinja nyumbani. Maini, mapafu na matumbo yenye uvimbe wa maji wasitupiwe mbwa. Humo mna tegu mdogo ambaye hukomaa ndani ya mbwa, na mayai yake, yakimwingia binadamu, huota uvimbe kama huo kwenye ini au mapafu. Turkana ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako ugonjwa huu umeumiza wafugaji kwa miaka mingi. Viungo hivyo vichomwe au vifukiwe shimo refu.

Kumzoesha kushikwa

Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14, akili ya kilebu iko wazi. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho hukichukulia kuwa sehemu ya maisha. Asichokutana nacho, baadaye hukiogopa. Familia inayompokea akiwa na wiki 8 ina takriban wiki 6 tu za kuutumia mlango huo kabla haujaanza kujifunga.

Kila siku, kwa dakika tano, mtu amshike kwa upole. Amguse masikio na kuyafunua, ainue mguu mmoja mmoja, afungue mdomo, ashike ngozi ya shingo, na amkumbatie kifuani kwa muda mfupi bila kumbana. Kila tendo lifuatwe na tonge. Hivyo ndivyo atakavyoshikwa siku ya chanjo. Avalishwe mkanda wa shingoni unaopitisha vidole viwili, kwanza kwa dakika chache. Baadaye ufungwe kamba nyepesi, atembezwe uani. Mkanda ukaguliwe kila wiki, kwa sababu kilebu hukua haraka na mkanda usiolegezwa huzama shingoni.

Akutanishwe, kwa mbali kwanza, na pikipiki, redio, watu wenye miavuli, wazee wenye bakora, watoto wenye sare za shule, kuku na mbuzi. Asilazimishwe. Akirudi nyuma, aruhusiwe. Akitulia, asifiwe.

Akiuma vidole katika mchezo, mchezo ukome hapo hapo. Mtu anyamaze, aondoe mkono na kugeuka. Akipewa kitu halali cha kutafuna, kama kamba nene iliyofungwa fundo, atajua pa kupeleka meno. Wahenga walionya kwamba mbwa aliyezoeshwa mzaha humfuata mwenyewe hadi msikitini. Linalochekesha kwa kilebu wa kilo mbili, kama kuruka kifuani au kuvuta nguo, si la kuchekesha kwa mbwa wa kilo ishirini mbele ya mgeni.

Watoto nao wafundishwe. Kilebu anayekula asiguswe. Anayelala asiamshwe kwa kuvutwa mkia. Asibebwe kwa miguu ya mbele wala kwa shingo. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata wa nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba mbwa akizoeshwa watu hatalinda boma, na kwamba ukali hutokana na mnyororo, njaa na pilipili kwenye chakula. Mbwa hubweka na kulinda kwa sababu mahali ni pake na watu ni wake. Hali hiyo hujitokeza yenyewe anapokomaa. Pilipili humwumiza tumbo tu. Mnyororo wa kutwa kucha hutoa mbwa anayemshambulia yeyote, akiwemo mwenye kumlisha, na siku unapokatika hakuna awezaye kumrudisha.

Chanjo na dawa

Dawa ya minyoo huanza mapema, akiwa na wiki 2, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo kiulizwe kwa mtaalamu. Chanjo ya parvo na distempa huanza kati ya wiki 6 na 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi apite wiki 16.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Kampeni ikipita wadini kilebu akiwa mdogo kuliko hapo, apelekwe vivyo hivyo. Wachanjaji ndio watakaoamua. Cheti kihifadhiwe pamoja na hati nyingine za nyumba.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya kale. Kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na kwa binadamu mwaka 1928. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Ndiyo maana Kenya ilitunga mpango wa kuutokomeza wa mwaka 2014 hadi 2030, ukianzia Makueni, Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya. Hesabu hiyo ya 7 kati ya 10 haifikiwi ikiwa mbwa wanne katika kila kumi hawashikiki.

Mtu akiumwa, hata kwa mkwaruzo mdogo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisipakwe mafuta, chumvi wala majani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopewa. Afisa wa mifugo ajulishwe ili mbwa aliyeuma atengwe na kuangaliwa kwa siku 10. Asiuawe na kuzikwa kimya kimya, kwa kuwa anahitajika ili ijulikane kama ni mgonjwa.

Maswali yaulizwayo barazani

Kilebu anakojoa kila mgeni anapomwinamia. Je, ni ukosefu wa adabu? Hapana. Ni namna ya mbwa mdogo kusema kwamba ananyenyekea. Mgeni asimwinamie wala kumkazia macho. Achuchumae ubavu ubavu na amsubiri aje mwenyewe. Akikaripiwa, atakojoa zaidi. Wengi huacha wanapokua.

Mwenyewe anatoka kazini jioni na hakuna mtu mchana. Afanyeje? Ikiwezekana, kilebu aletwe mwanzoni mwa likizo ya shule, watoto wakiwapo. Vinginevyo jirani au jamaa aombwe kumtoa na kumlisha mchana. Asiyeweza kupata mtu wa mchana kwa miezi miwili ya kwanza ni heri asubiri kabla ya kuchukua kilebu.

Je, kilebu wa kike atawajaza mbwa bomani? Anaweza kushika mimba hata kabla ya kutimiza mwaka. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi, na dume kuhasiwa. Kuwatupa vilebu sokoni au kando ya barabara ni kuwapelekea wengine tatizo, na hao ndio wanaokua bila kuguswa na mkono wa mtu.

Ndugu wakazi, mwenye kilebu nyumbani aanze leo jioni kwa yale madogo: mahali pamoja pa haja, sifa papo hapo, na dakika tano za kumshika masikio na miguu. Afisa wa mifugo wa wadi atawatangazia siku ya chanjo pamoja na chifu na wazee wa mitaa. Siku hiyo mbwa huyo aje kituoni akitembea kwa kamba, na anayemwongoza awe mtu anayemjua.